Nani Aliyemtawaza Mfalme Mdogo? Historia ya Mtoto wa Pekee Katika Familia za China

Kila mara jamii inapoanza kulalamika juu ya watoto wake, kada anayeijua kazi yake hana budi kuuliza kwanza habari za wazazi. Na akishauliza habari za wazazi, aulize habari za uchumi unaowalea wazazi hao. Tusipofanya hivyo tutabaki kugombeza watoto, na kugombeza si uchambuzi.

Nchini China malalamiko ya namna hiyo yalianza kusikika katika miaka ya 1980. Magazeti ya nchi hiyo yalianza kuandika juu ya mtoto wa aina mpya aliyeonekana mijini. Mtoto huyo hana kaka wala dada. Bibi yake humlisha kwa kijiko ilhali umri wa kujilisha amekwisha ufikia. Babu yake humbebea mkoba wa shule. Chakula cha nyumba nzima hupikwa kwa kufuata ulimi wake. Na akinyimwa kitu dukani hujitupa chini na kulia mpaka apewe. Wachina wakampa jina la dhihaka: "mfalme mdogo". Jina hilo likavuka mipaka ya China, na hata leo watu wengi hawajui jambo jingine juu ya watoto hao ila kwamba walidekezwa.

Wafalme wadogo wa kwanza sasa ni watu wazima waliopita umri wa miaka 40. Wengi wana watoto wao, na wengi wana wazazi waliozeeka. Kwa hiyo jambo hili limekwisha kuwa historia, na historia huchunguzwa kwa utulivu.

Hoja yetu katika makala hii ni kwamba mfalme mdogo hakutawazwa na udhaifu wa mama yake. Dola iliitaka familia iwe na mtoto mmoja, na katika miaka hiyo hiyo ikaanza kuzilegeza dhamana za pamoja ambazo zingeiwezesha familia kuwa na mtoto mmoja bila hofu. Mambo hayo mawili yalipokutana, matumaini yote na hofu zote za watu wazima sita, yaani baba, mama, mababu wawili na mabibi wawili, zikamwangukia mtoto mmoja. Kudeka kwake kulikuwa sura ya nje ya mzigo huo.

SWALI LA IDADI YA WATU

Chama cha Kikomunisti cha China kiliposhika dola mwaka 1949, viongozi wake wengi waliamini kwamba wingi wa watu ni nguvu. Imani hiyo ilikuwa na sababu yake. Mabeberu walikuwa wakisema kwamba umaskini wa China unatokana na wingi wa Wachina. Chama kilijibu kwamba umaskini ule unatokana na unyonyaji wa makabaila na wageni. Jibu hilo lilikuwa la haki, lakini halikumaliza swali. Baada ya mnyonyaji kuondoka, watu bado walihitaji chakula, shule, hospitali na kazi, na vitu hivyo havipatikani kwa kutangaza ushindi.

Hesabu ya watu ya mwaka 1953 ilionyesha watu wapatao milioni 583, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1957 mwanauchumi Ma Yinchu, mkuu wa Chuo Kikuu cha Peking, alitoa hoja kwamba ongezeko la watu lisipopangwa litakula akiba ambayo ingejenga viwanda na kuinua kilimo. Hoja hiyo haikujibiwa kwa hoja. Mzee yule alishambuliwa katika magazeti na mikutano, na mwaka 1960 akaondoka katika cheo chake. Aliposafishwa jina mwaka 1979 alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 95, na idadi ya watu wa nchi yake ilikuwa inakaribia bilioni 1.

Kada asiipite habari hii haraka haraka. Mjadala uliofungwa mwaka 1960 ulirudi baada ya miaka 20, ukiwa umevaa nguo za dharura. Jambo ambalo lingefanywa polepole na kwa maelewano sasa lilitakiwa lifanywe mbio na kwa amri.

Hata hivyo si kweli kwamba miaka yote 20 ilipotea. Katika miaka ya 1970 China iliendesha kampeni iliyokuwa na maneno matatu: kuchelewa kuoa na kuzaa, kupishanisha uzazi, na kuzaa watoto wachache. Kampeni hiyo haikukosa shinikizo. Lakini ilisimama juu ya mambo ambayo wananchi waliyaona kwa macho: shule zilizofika vijijini, wanawake waliotoka kufanya kazi, zahanati, na wale walioitwa "madaktari pekupeku" waliowatibu wakulima huko huko mashambani. Mwaka 1970 mwanamke wa China alizaa kwa wastani watoto wanaokaribia 6. Muongo ule ulipokwisha, wastani ulikuwa umeshuka chini ya 3. Uzazi ulipungua kwa nusu kabla ya siasa ya mtoto mmoja kuanza. Huu ni ukweli ambao watetezi wengi wa siasa hiyo huusahau.

BARUA YA SEPTEMBA 1980

Tarehe 25 Septemba 1980 Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti cha China ilitoa barua ya wazi kwa wanachama wote wa Chama na wa Umoja wa Vijana. Iliwataka waongoze kwa mfano kwa kuzaa mtoto mmoja tu. Barua haikuficha kwamba kulikuwa na wasiwasi. Ilizungumzia hofu ya watu juu ya uzee, na ikasema kwamba baada ya miaka 30, shida ya ongezeko la watu itakapokuwa imelegea, siasa nyingine inaweza kufuatwa. Nyuma ya barua hiyo kulikuwa na hesabu za wataalamu, na maarufu kati yao alikuwa Song Jian, mhandisi aliyetoka katika kazi ya makombora. Hesabu zake zilionyesha idadi ya watu itakavyokuwa baada ya miaka 100 kama kila mwanamke atazaa mtoto mmoja, au wawili, au watatu.

Hesabu hizo zilikuwa na kasoro moja kubwa. Ziliwahesabu watu kama vinywa na mikono. Hazikuhesabu bibi anayetaka mjukuu, wala mkulima anayejiuliza nani atamchotea maji akiwa na miaka 70. Kombora haliogopi uzee, mtu anauogopa.

Utekelezaji ulikuwa wa namna mbili. Mjini, wazazi waliokubali mtoto mmoja walipewa cheti, pamoja na posho ndogo ya kila mwezi na nafuu katika matibabu na chekechea. Aliyekataa angeweza kutozwa faini, kunyimwa kupandishwa cheo, au hata kupoteza kazi. Kijijini mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1983 peke yake operesheni za kufunga uzazi zilifika takriban milioni 20, na nyingi zilifanywa kwa wanawake. Pale ambapo kada wa kijiji alipimwa kwa tarakimu alizopeleka wilayani, tarakimu ndizo zilizotafutwa, na utu ukawekwa kando.

Manung'uniko yalikuwa makubwa hata Chama kikalegeza kamba mwaka 1984. Baadaye katika mikoa mingi wakulima ambao mtoto wao wa kwanza ni msichana waliruhusiwa kuzaa wa pili, na makabila madogo yalikuwa na masharti nafuu. Wilaya ya Yicheng, mkoani Shanxi, ilipewa ruhusa ya majaribio kuanzia mwaka 1985: wakulima wake waliweza kuzaa watoto wawili, mradi wachelewe kuoa na wapishanishe uzazi. Hesabu ya watu ya mwaka 2000 ilionyesha kwamba idadi ya watu wa Yicheng ilikuwa imeongezeka polepole kuliko wastani wa taifa. Jibu lilikuwepo nyumbani, katika wilaya moja ya wakulima, lakini halikupewa nafasi kubwa.

Kutokana na kulegezwa huko, mtoto wa pekee wa kweli alikuwa hasa mtoto wa mjini, mwana wa mfanyakazi wa kiwanda, wa karani, wa mwalimu. Huyo ndiye aliyeitwa mfalme mdogo. Sasa tuingie nyumbani kwake.

VIZAZI VITATU KATIKA CHUMBA KIMOJA

Nyumba za wafanyakazi wa miji ya China katika miaka ya 1980 zilikuwa finyu, na mara nyingi babu, bibi, wazazi na mtoto walikaa pamoja au karibu karibu. Ukitaka kujua kwa nini mtoto yule alilishwa kupita kiasi na kusukumwa kupita kiasi, uliza kila mtu mzima katika nyumba ile alikotoka.

Bibi na babu walikuwa wamekulia katika vita na uvamizi wa Wajapani. Tena wakiwa watu wazima waliiona njaa ya 1959 hadi 1961, iliyofuata makosa ya kampeni ya Hatua Kubwa Mbele na kuua mamilioni ya watu. Mtu aliyewahi kuona mtoto akivimba miguu kwa njaa hawezi kumwona mjukuu amebakisha chakula akatulia. Kijiko kile cha bibi kilichekwa na waandishi wa magazeti, lakini kilikuwa kimebeba kumbukumbu ya miaka mitatu ya njaa.

Baba na mama walikuwa na jeraha jingine. Wengi wao walizaliwa katika miaka ya 1950, wakawa shuleni Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966. Mtihani wa kuingia chuo kikuu ulifutwa. Vijana wa mijini wapatao milioni 17 walipelekwa kuishi na kufanya kazi vijijini, wengine kwa miaka mingi. Mtihani uliporudishwa mwishoni mwa 1977, watu milioni 5.7 waliufanya, na waliopata nafasi walikuwa 273,000 hivi. Waliobaki walirudi mijini wakiwa watu wazima, elimu yao imekatika, wakaingia viwandani, wakaoa. Na mwaka 1980 wakaambiwa kwamba watazaa mtoto mmoja.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno ambalo kila mzazi wa kizazi kile alilibeba moyoni: mwanangu asikose nilichokosa mimi. Kama wangekuwa na watoto watatu, matumaini hayo yangegawanyika. Mmoja angesoma, wa pili angefuata ufundi, wa tatu angebaki karibu na wazee. Lakini mtoto alikuwa mmoja. Akishindwa yeye, familia yote imeshindwa. Kwa hiyo mtoto yule yule aliyebebewa mkoba asubuhi, usiku alikalishwa mezani kusoma mpaka macho yafumbe. Na Jumapili, siku ya kucheza, alipelekwa kujifunza piano, hesabu au Kiingereza. Hakuruhusiwa kufua nguo zake, kwa sababu muda wa kufua ulikuwa muda wa kusoma. Wahenga wetu walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazazi wa China waliijua hekima hiyo kwa maneno yao wenyewe. Waliogopa tu kumkunja samaki wao wa pekee, asije akavunjika.

DHAMANA ILIYOONDOKA

Tungeweza kuishia hapo na kusema kwamba jambo lote ni majeraha ya moyo. Lakini moyo wa mwanadamu hukaa juu ya misingi ya uchumi, na misingi hiyo ilikuwa inahamishwa.

Chini ya komyuni, yaani zile jumuiya kubwa za kilimo zilizoanzishwa mwaka 1958, mkulima wa China alikuwa maskini. Pamoja na umaskini huo kulikuwa na dhamana fulani. Mzee asiye na mtoto aliwekwa katika mpango wa "dhamana tano": chakula, mavazi, makazi, matibabu na mazishi. Katikati ya miaka ya 1970 matibabu ya ushirika yalikuwa yamefika katika vijiji vinavyokaribia asilimia 90. Tusiipambe hali hiyo; dhamana zilikuwa nyembamba, na mkulima hakuacha kumtegemea mwanawe wa kiume. Lakini palikuwa na kitu cha pamoja cha kushika.

Kuanzia Desemba 1978, wakulima wa kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, walipogawana mashamba kwa siri, kilimo cha kaya kilienea nchi nzima. Kufikia mwisho wa 1984 komyuni zilikuwa karibu zote zimevunjwa. Mavuno yaliongezeka, na wengi walitoka katika njaa. Hilo ni jema lisilokanika. Lakini matibabu ya ushirika, yaliyokuwa yakilipiwa na mfuko wa komyuni, yaliporomoka, na katikati ya miaka ya 1980 yalibaki katika vijiji visivyofika asilimia 10. Kwa hiyo mkulima aliambiwa mambo mawili kwa pamoja: utajitegemea wewe na kaya yako, lakini kaya yako iwe ndogo. Huo ni mgongano, na mgongano wa namna hiyo hauondolewi kwa mabango ukutani.

Mjini mambo yalichelewa kidogo. Mfanyakazi wa kiwanda cha umma alikuwa na kile Wachina walichokiita "bakuli la chuma": kazi ya maisha, nyumba, zahanati, shule ya watoto na pensheni kutoka kitengo chake cha kazi. Wazazi waliotia sahihi cheti cha mtoto mmoja mwaka 1980 walitia sahihi wakiwa wameshika bakuli hilo mkononi. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya umma vilifanyiwa mageuzi, na wafanyakazi zaidi ya milioni 20 wakapoteza kazi. Mwaka 1997 ulipaji wa karo ukawa wa wanafunzi wote wa vyuo vikuu. Na utaratibu wa serikali kumpangia kazi kila mhitimu ukafikia mwisho.

Angalia miaka hiyo ilivyopangana. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1980 alifika umri wa chuo kikuu mwaka 1998. Baba yake akapoteza kazi wakati karo ilipodaiwa. Bakuli la chuma lilivunjika, na mahali pake akawekwa mtoto. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa pensheni, bima ya ugonjwa na akiba ya benki ya familia. Nani hatakitunza kwa hofu kitu pekee alichobakiwa nacho?

Wafanyabiashara hawakukosa kuliona hilo. Makampuni ya ndani na ya nje yalitambua haraka kwamba mifuko sita ya watu wazima inafunguka kwa kilio cha mtoto mmoja. Mkahawa wa kwanza wa McDonald's mjini Beijing ulifunguliwa mwaka 1992. Vinyago, peremende na masomo ya ziada vikawa biashara kubwa. Ubepari ulimkuta mfalme amekwisha kutawazwa, ukamuuzia taji.

JE, NI KWELI WALIDEKA?

Sasa tuulize swali ambalo wanafunzi wetu hutuuliza kila tunapofika hapa: je, watoto hao walikuwa wabinafsi kweli, au ni maneno ya wazee juu ya vijana?

Mwaka 1992 kambi ya majira ya joto iliwakutanisha watoto 77 wa Kijapani na 30 wa Kichina katika Mongolia ya Ndani. Mwaka uliofuata mwandishi Sun Yunxiao alieleza katika makala kwamba watoto wa China walionekana walegevu mbele ya wenzao: walichoka mapema, na wazazi wao wakawaonea huruma mno. China nzima ikabishana. Baadaye baadhi ya watu walipinga ukweli wa baadhi ya masimulizi hayo. Jambo la maana kwetu ni kwamba taifa lilikuwa tayari kuamini. Hofu ilikuwa imekwisha kuwepo, ikisubiri hadithi.

Utafiti wa kitaalamu ulitoa majibu yanayopingana. Uchunguzi wa wanasaikolojia wa Kichina uliochapishwa mwaka 1986 uliona kwamba watoto wa pekee hujifikiria wenyewe zaidi kuliko wenye ndugu. Mwaka 1993 Toni Falbo na Dudley Poston, waliochunguza watoto wa shule wapatao 4,000 katika mikoa minne, waliona tofauti ndogo sana za tabia, na kwamba pengine watoto wa pekee waliwazidi wenzao katika masomo. Mwaka 2013 wachumi walioshirikiana kati ya Australia na China waliwapima watu 421 wa Beijing waliozaliwa kabla na baada ya siasa ya mtoto mmoja. Wakaona kwamba waliozaliwa baada yake waliwaamini wenzao kidogo, waliogopa kujihatarisha, na walikuwa na matumaini madogo juu ya siku za mbele.

Tuyapime matokeo hayo kwa makini. Mtu aliyedekezwa tu hujiamini kupita kiasi. Lakini woga, mashaka na kukata tamaa ni dalili za mtu aliyebeba peke yake mzigo uliokusudiwa kubebwa na wengi.

WALIOACHWA NJE YA PICHA

Kila picha ya mfalme mdogo ina watu waliokatwa pembeni. Wa kwanza ni wasichana. Pale ambapo desturi ya kumtukuza mtoto wa kiume ilikutana na ruhusa ya mtoto mmoja, wasichana wengi hawakuzaliwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2010 ilionyesha wavulana wapatao 118 waliozaliwa kwa kila wasichana 100, wakati kwa kawaida ya maumbile huwa 105 au 106. Kinyume chake, msichana wa mjini aliyezaliwa peke yake alipata jambo ambalo bibi yake hakulipata kamwe: hakuwa na kaka wa kumnyang'anya karo. Mtaalamu Vanessa Fong, aliyefanya utafiti katika mji wa Dalian, alieleza jinsi mabinti hao walivyosomeshwa kama wana wa kiume. Siasa moja iliwanyima wasichana wengine uhai na kuwapa wengine elimu. Mwanafunzi wa historia hana budi kuyashika yote mawili.

Wa pili ni watoto wa vijijini. Viwanda vya pwani viliwavuta wazazi wao, lakini utaratibu wa uandikishaji wa makazi, ulioimarishwa kwa sheria mwaka 1958, uliwazuia wasiwachukue watoto wakasome mjini. Mwaka 2013 Shirikisho la Wanawake la China lilikadiria kwamba watoto milioni 61 walikuwa wameachwa vijijini, wengi kwa bibi na babu. Wakati mtoto mmoja wa mjini alikuwa na watu wazima sita wa kumtazama, mwingine aliwaona wazazi wake mara moja kwa mwaka. Mzazi huyo huyo wa kijijini ndiye aliyeshona viatu vya mfalme mdogo na kuunda kinyago chake. Kwa hiyo mtu anaposema "watoto wa China wamedeka", tumuulize: watoto wa tabaka gani?

MZIGO UNAPORUDI

Tarehe 12 Mei 2008 tetemeko la ardhi la Wenchuan, mkoani Sichuan, liliua watu wapatao 69,000. Majengo mengi ya shule yaliporomoka; serikali ilitangaza baadaye kwamba wanafunzi zaidi ya 5,300 walikufa au kupotea. Wengi walikuwa watoto wa pekee. Wazazi walisimama juu ya vifusi wakiwa wameshika picha za watoto wao, wakidai kujua kwa nini shule imeanguka na jengo jirani limesimama. Serikali iliwaruhusu wazazi waliofiwa kuzaa tena, na wale waliofungwa uzazi wakasaidiwa kufunguliwa. Lakini mama wa miaka 45 haruhusiwi na mwili wake. Siku ile taifa liliona wazi kwamba familia ya mtoto mmoja ni nyumba yenye nguzo moja.

Hata pasipo maafa, nguzo moja huelemewa. Wachina wana tarakimu tatu wanazozitaja: nne, mbili, moja. Mababu na mabibi wanne, wazazi wawili, mtoto mmoja. Mtoto alipokuwa mdogo, tarakimu hizo zilimaanisha watu sita wanampa. Alipokua, ziligeuka, sasa ni yeye anayedaiwa na sita. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 2013 sheria ya haki za wazee iliyorekebishwa ilianza kuwataka watoto waishio mbali wawatembelee wazazi wao mara kwa mara. Sheria ikifika mahali pa kumwamuru mtu amtembelee mama yake, ujue kuna kitu kikubwa kilichokwisha kuvunjika kabla yake.

Chama cha China kilirekebisha njia, ingawa kwa kuchelewa. Matibabu ya ushirika vijijini yalianzishwa upya mwaka 2003, na pensheni ya wakulima mwaka 2009. Kuanzia Januari 2016 kila familia iliruhusiwa watoto wawili, na mwaka 2021 watoto watatu. Mwaka huo huo wa 2021 biashara ya masomo ya ziada ilipigwa marufuku katika masomo makuu. Lakini watoto waliozaliwa, ambao mwaka 2016 walikuwa karibu milioni 18, mwaka 2023 walikuwa milioni 9 tu. Mwaka 2022 idadi ya watu wa China ilipungua kwa mara ya kwanza tangu miaka ya njaa. Wafalme wadogo wa jana waliambiwa wazae watatu, wakatazama kodi ya nyumba, karo na wazazi wanne wa pande mbili, wakanyamaza. Amri iliweza kupunguza watoto, kuwaleta haikuweza.

MAFUNZO KWA MAKADA

Chama cha China ni rafiki wa Chama chetu tangu enzi za TANU, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ni shahidi wa urafiki huo. Rafiki hachunguzwi ili achekwe, wala hasifiwi ili afurahi. Historia yake husomwa ili wote wawili wajifunze. Sisi tunayaona mafunzo matatu.

Kwanza, hoja isiyojibiwa hairudi kuwa ndogo. Ma Yinchu alinyamazishwa, lakini watoto waliendelea kuzaliwa. Kazi ya Chama ni kuisikia hoja ngumu wakati bado kuna nafasi ya kuitekeleza kwa upole.

Pili, mtu haachi dhamana ya zamani kabla ya kupewa dhamana mpya. Mkulima anayetaka watoto wengi hana ujinga. Anajenga pensheni yake kwa kitu pekee anachokimiliki. Anayetaka mkulima huyo azae wachache amhakikishie kwanza kwamba mtoto wake ataishi, kwamba akiugua atatibiwa, na kwamba akizeeka hataachwa. Miaka ya 1970 ilionyesha kwamba watu wakianza kuziona dhamana hizo, uzazi hushuka.

Tatu, malezi si kazi ya familia peke yake. Mtoto anayekuta uwanja wa kucheza na wenzake, shule inayomfundisha kufagia na kulima pamoja na kusoma, na jirani mwenye haki ya kumkanya, hatakuwa mfalme hata akiwa wa pekee nyumbani mwao. Mtoto anayekuta mlango umefungwa, jirani asiyemjua na mtihani mmoja utakaoamua maisha yake, atakuwa mfalme au mtumwa, na mara nyingi atakuwa vyote viwili.

Kwa hiyo kada akimwona mzazi anamdekeza mwanawe, asianze na hotuba ya maadili. Amuulize mzazi huyo anaogopa nini. Jibu atakalolipata ndilo litakalomwonyesha kazi ambayo Chama bado hakijaifanya.